Dumu la Lita 20 Lina Kilo Ngapi?

Madaba, mkoani Ruvuma, karibu kila kitu hupitia kwenye mizani. Mahindi hupimwa gunia kwa gunia, maharage kwa kilo, na mtungi wa gesi unaitwa kwa uzito wake, mdogo wa kilo 6 na mkubwa wa kilo 15. Hata makaa ya mawe yanayopita barabarani kutoka Ngaka, wilayani Mbinga, yanatajwa kwa tani. Mafuta ya gari yamebaki upande wa maziwa na mafuta ya kula: yanauzwa kwa lita. Mteja anafika sheli, anataja lita au anataja fedha, namba za pampu zinakimbia, halafu anaondoka. Dereva wa Fuso aliyehesabu magunia yake hadi la mwisho atakutajia uzito wa mzigo bila kusita. Muulize tenki lina kilo ngapi, atakutazama kama umemuuliza uzito wa kivuli chake.

Jibu lenyewe si gumu. Lita moja ya maji ina kilo 1. Petroli ni nyepesi kuliko maji: lita yake ina gramu 720 hadi 775, na anayetaka namba moja ya kukumbuka achukue 740. Dizeli ni nzito zaidi, gramu 820 hadi 860, na 840 inatosha kwa hesabu za barabarani. Mafuta ya taa yamekaa katikati, karibu 800. Kwa hiyo dumu la lita 20 la petroli lina kilo 15 kasoro kidogo, la dizeli kilo 17 kasoro kidogo, la maji 20 kamili, mbali na plastiki yenyewe. Anayebeba maji leo na petroli kesho anaijua tofauti hiyo begani bila kufundishwa.

Tofauti hiyo ikipuuzwa inaweza kuishusha hata ndege. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada, Boeing 767, iliishiwa mafuta angani kwa sababu wahusika waligeuza lita kuwa uzito kwa kutumia 1.77, namba ya ratili, mahali palipotakiwa 0.8 ya kilo. Safari ilihitaji kilo 22,300. Ikaondoka na chini ya nusu ya hizo. Rubani aliielekeza ikielea hadi Gimli, uwanja wa zamani wa jeshi uliokuwa umegeuzwa njia ya mashindano ya magari, na watu wote 69 walitoka hai. Gari likiishiwa linasimama tu kando ya barabara, na huenda ndiyo maana madereva hawajawahi kulazimishwa kupiga hesabu hiyo.

Kuna watu wa Madaba, hata hivyo, ambao ingewafaa kesho asubuhi. Mwenye mashine ya kusaga anayetuma kijana na madumu hadi sheli hurudishiwa risiti ya lita 22 kwa dumu linaloitwa la 20, na ugomvi unaanza: kijana amekula fedha, au pampu imechezewa? Mara nyingi hakuna hata kimoja. Dumu la lita 20 likijazwa hadi mdomoni hupokea zaidi ya 20, kwa sababu kiwandani liliachiwa nafasi ya juu. Mizani ile ile ya kuning'iniza inayopimia mahindi inaweza kuamua kesi. Dumu likipimwa tupu kwanza, kisha likiwa na dizeli, na tofauti ikawa kilo 18 na nusu, zikigawanywa kwa 0.84 zinatoka lita 22. Kijana aombwe radhi.

Mizani hiyo haiwezi kila kitu. Haitagundua dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa kidogo, maana robo nzima ya mafuta ya taa inapunguza gramu 10 tu kwenye kila lita, na sindano ya mizani ya mahindi haioni kitu kidogo hivyo. Ndiyo sababu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya uchakachuaji ife.

Uzito unaeleza pia jambo linalowachanganya wanaolinganisha magari. Hilux ya dizeli inasifiwa kwa kwenda mbali kwa lita moja kuliko ya petroli. Injini ya dizeli kweli hutumia nishati vizuri zaidi, lakini sehemu ya sifa hiyo ni ya lita yenyewe: ina kilo nyingi ndani yake. Kilo kwa kilo, petroli na dizeli zina nishati inayokaribiana sana. Lita kwa lita, dizeli inazidi kwa asilimia 10 na ushee. Mnunuzi wa dizeli ananunua chakula kizito zaidi kwenye sahani ile ile.

Ushauri unaozunguka kwenye simu, uliotungwa kwa watu wenye kituo cha mafuta kila kona, unasema dereva asijaze tenki kwa sababu mafuta ni mzigo na mzigo unakula mafuta. Kanuni ni ya kweli. Hesabu yake ndiyo kichekesho. Toyota IST ina tenki la lita 45 hivi. Kujaza nusu badala ya tenki zima kunapunguza kilo 16 au 17, uzito wa mtoto wa miaka minne, kwenye gari lenye uzito wa tani moja. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kilo 45 za ziada huongeza matumizi kwa karibu asilimia moja. Basi kilo 17 ni chini ya nusu ya asilimia. Kutoka Madaba hadi Songea, zaidi ya kilomita 100, IST inakula kama lita 8, na aliyejaza nusu tenki ameokoa mililita 30. Vijiko viwili vya chakula.

Na ili aokoe vijiko hivyo viwili, anaingia kwenye hasara nyingine. Kwenye magari mengi ya petroli ya siku hizi pampu ya mafuta imezama ndani ya tenki, na mafuta yenyewe ndiyo yanayoipoza. Anayeendesha kila siku na mshale wa geji umelala kwenye E anaipika pampu yake taratibu. Gari la dizeli lina adhabu yake: likikauka, hewa inaingia kwenye mabomba, na kumwagia kidumu cha lita 5 peke yake hakutoshi kuliamsha. Boneti inafunguliwa, fundi au utingo analegeza skrubu ya kutolea hewa na kupampu kwa kidole gumba ile pampu ndogo juu ya filta, mapovu yanatoka, anapampu tena, hadi dizeli safi ije bila povu. Usiku wa Julai, kwenye baridi ya nyanda hizi, kazi hiyo ni ndefu. Mkazi wa Madaba mwenye gari dogo ajaze tenki lake na asijute. Akitaka kuokoa mafuta apime upepo wa matairi, na ateremshe lile keria la juu ambalo halijabeba kitu tangu msimu uliopita.

Kujaza, hata hivyo, kuishie pale pampu inapokata yenyewe. Petroli huongezeka ujazo kwa karibu sehemu moja katika elfu kwa kila nyuzi moja ya joto. Lita 60 zilizotoka baridi chini ya ardhi, zikipata joto la nyuzi 15 zaidi gari likiwa juani, zinataka nafasi ya karibu lita moja. Anayemwambia mhudumu "ongeza, ongeza, hadi nione" analipia mafuta ambayo tenki halikutengewa pa kuyaweka. Na wale wanaoamka alfajiri ili wajaze mafuta yakiwa yamebana kwa baridi walale tu. Tenki la kituo limefukiwa, na joto lake kati ya alfajiri na adhuhuri halibadiliki vya kutosha mtu aione tofauti mfukoni.

Kwa lori mambo yanageuka.

Barabara ya Songea–Makambako, inayopita Madaba na kupanda Njombe, ni njia ya makaa ya mawe, mahindi na mbao, na mwisho wake dereva anakutana na mizani ya Makambako. Pale kinachopimwa ni gari zima na kila kilichomo: mzigo, turubai, matairi ya akiba, jiko la utingo, utingo mwenyewe, na mafuta. Tanzania ilianza kutumia sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari Machi 2019, na viwango vyake vinasomeka hivi: ekseli ya mbele ya usukani tani 8, ekseli mbili pacha zenye matairi manne manne tani 18, ekseli tatu za trela tani 24, na jumla ya gari isizidi tani 56 hata likiwa na ekseli nyingi kiasi gani.

Lori la safari ndefu hubeba kati ya lita 400 na 800 za dizeli. Lita 400 ni kilo 336. Lita 800 ni kilo 672, karibu magunia saba ya mahindi ya kilo 100, yamening'inia ubavuni mwa kichwa cha gari bila kuandikwa kwenye karatasi yoyote ya mzigo. Aliyepakia hadi ukingo wa kiwango huku tenki likiwa robo, kisha akajaza njiani, amepakia mara mbili. Karatasi ya mgodini bado inasema kweli, lakini gari lililofika Makambako si lile lililotoka mgodini.

Tena uzito huo hauendi kila mahali. Tenki limefungwa kati ya ekseli ya usukani na ekseli za kusukuma, kwa hiyo kilo zake zinagawanywa hapo na trela haizioni. Kinyume chake ndicho kinachowaponza wengi: dereva aliyezidisha kwenye trela anajipa moyo kwamba hadi Makambako atakuwa ameshachoma mafuta. Kutoka Songea ni kama kilomita 300. Gari zito likienda kilomita mbili kwa lita, litachoma lita 150, yaani kilo 126, na zote zitapungua kwenye kichwa. Ekseli za trela zitafika na uzito ule ule zilioondoka nao.

Ushauri wa mezani ni kuamua mahali pa kujaza kabla ya kuamua kiasi cha kupakia. Kama njia inapita mizani, lori lipewe mafuta ya kufika huko na akiba ya kilomita 100 au 150, kisha lijazwe baada ya kupimwa. Kama tajiri anataka tenki lijae tangu mwanzo kwa sababu ana mkataba na kituo fulani, basi kilo 500 au 600 zitolewe kwenye mzigo, na tajiri aambiwe waziwazi. Wenye malori wanaogoma kusikia hilo hulipa baadaye, kwa faini au kwa kupunguza mzigo kando ya mizani, huku wapakuaji wakijua fika kwamba dereva hana pengine pa kwenda.

Barabara nayo ina hesabu yake. Majaribio makubwa yaliyofanyika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara kwa lami hupanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ikizidi kwa asilimia 10 tu, lami inaumia karibu mara moja na nusu. Anayepiga shimo kwa gari lake dogo anaendesha juu ya hesabu hiyo.

Kupanda mlima ni hadithi nyingine, na hapa madereva wengi huhisi tofauti na hesabu. Songea iko mita 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari. Njombe inakaribia 2,000. Kuzipandisha zile kilo 672 za tenki lililojaa kutoka chini hadi juu kunagharimu chini ya nusu lita ya dizeli, na hiyo ni baada ya kuhesabu nguvu inayopotea kwenye injini. Nusu lita kati ya mia na hamsini haimfilisi mtu. Kinachomfilisi, au kumuua, ni ile tabia ya kutaka kurudisha nusu lita hiyo kwenye mteremko. Kwenye mteremko wa Lukumburu wapo wanaoweka gia huru ili lori lijiporomoshe lenyewe. Injini za kisasa hukata mafuta kabisa gari likishuka ndani ya gia bila kukanyagwa, kwa hiyo gia huru haiokoi chochote. Inamwachia dereva breki peke yake dhidi ya tani 50.

Lori la mafuta lina ugumu mwingine hapo hapo. Mafuta hayakai kama gunia. Gari likikata kona, yanakimbilia nje. Likifunga breki, yanakimbilia mbele, na pigo lake linafika gari likiwa karibu kusimama. Matenki hugawanywa vyumba na kuwekwa kuta zenye matundu ili kuvunja wimbi hilo. Hatari kubwa haiko kwenye chumba kilichojaa kabisa, ambamo mafuta hayana pa kuchezea. Iko kwenye kile cha nusu. Aliyeshusha Songea nusu ya chumba na kuendelea kwenda Madaba anaendesha gari jepesi kuliko la asubuhi na gumu kulituliza, na mwendo wake kwenye kona ushuke, ingawa mguu unamwambia gari sasa limechangamka.

Tenki lile lile la lita 40,000 likijazwa petroli linabeba tani 29.6, likijazwa dizeli, tani 33.6. Tani nne za tofauti, na kwa macho hakuna kilichobadilika.

Wenye vituo nao wana kisa chao, na mara nyingi anayeumia ni dereva. Mafuta ya Ruvuma yanayopakiwa bandari ya Mtwara, kwenye joto la pwani, husafiri zaidi ya kilomita 700 hadi nyanda za baridi. Lita 36,000 za petroli zikipoa kwa nyuzi 10 zinapungua kwa lita 360 hivi. Za dizeli, kama lita 300. Hakuna kilo hata moja iliyopotea. Lakini kijiti cha kupimia kikichovywa, namba imeshuka, na macho yote yanamgeukia dereva: amenyonya wapi? Wizi wa mafuta njiani upo, tena mwingi, na ndiyo maana tuhuma hushika haraka. Dereva mwangalifu ahakikishe karatasi ya kupakilia imeandikwa joto la mafuta na densiti yake, na wakati wa kushusha aombe joto lipimwe tena mbele ya watu. Namba hizo mbili zinaweza kuokoa kazi yake. Mwenye kituo, kwa upande wake, akiona pungufu kubwa kuliko inavyoelezwa na joto, ana haki ya kuuliza maswali magumu.

Uzito ndio pia unaoamua maji yanakaa wapi. Maji ni mazito kuliko petroli na dizeli, kwa hiyo huzama chini kabisa, kule kule bomba linakonyonyea. Tenki linalolala tupu usiku lina hewa, hewa ina unyevu, na baridi inaugeuza matone. Land Cruiser na Hilux za dizeli nyingi zina kizibo chini ya filta cha kutolea maji hayo. Kukifungua mara kwa mara ni kazi ya dakika tano. Anayenunua kwenye dumu aliache litulie, amimine polepole, na kikombe cha mwisho akichungulie kabla hakijaingia tenkini.

Kuna uzito mmoja zaidi, nao hauonekani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupai kama moshi. Unatambaa chini, unaingia mtaroni, unapita chini ya mlango, unakaa bondeni ukisubiri cheche. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, watu wakakimbilia kuchota, na moto ulipowaka waliokufa walizidi 100. Mwaka 2009 ilikuwa Sachangwan nchini Kenya, na vifo vilizidi 100 pia. Mwaka 2010 Sange, mashariki ya Kongo, zaidi ya 230. Aliyesimama hatua nyingi kutoka kwenye dimbwi anaamini yuko mbali na petroli, wakati mvuke umeshampita miguuni. Lori likianguka, umbali wa kukaa ni mkubwa, na ni upande wa juu wa mteremko na unakotoka upepo.

Hili linawahusu hasa bodaboda wanaopeleka petroli kwenye vijiji vilivyo mbali na lami, kama vya kata ya Ifinga. Madumu mawili ya lita 20 ni karibu kilo 30 za petroli, robo ya uzito wa pikipiki yenyewe, na yakifungwa juu ya keria yanainua mzigo wote nyuma na kuufanya usukani uwe mwepesi kwenye utelezi. Yafungwe chini, moja kila upande, yakiwa yamebana yasicheze, na abiria asipandishwe siku hiyo. Kwenye sheli yajazwe yakiwa yamewekwa chini sakafuni, hayajafungwa kwenye pikipiki, na yaachiwe nafasi ya vidole vinne juu. Baada ya saa mbili za jua na mitikisiko, kifuniko kikilegezwa kinatoa mlio wa pumzi ndefu. Kilegezwe nje, taratibu, simu ikiwa mfukoni, na kabla ya hapo mtu atumwe nyuma ya nyumba kuangalia kama jiko limezimwa.